Unga wa Protini na Sahani ya Mama

Wapendwa, leo nimekuja nimechoka, na sitawaficha. Wiki nzima nimekuwa nikitembelea nyumba za washirika, na kila nyumba ninayoingia nakuta kopo. Kopo la kuongeza nguvu, kopo la kuongeza damu, kopo la kuongeza akili za mtoto. Nauliza kwa upole, "Daktari amesema mna upungufu wa nini?" Wananitazama kana kwamba nimetukana. Hakuna daktari. Kuna jirani, na kuna video kwenye simu.

Haya basi. Wekeni simu chini, na wewe wa nyuma pale nakuona, niwasimulie habari za fundi mmoja. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo asitokee mtu kuniuliza ni wa mtaa gani. Lakini nitampa jina, kwa sababu mtu asiye na jina ni rahisi sana kusema si mimi. Tumwite Ambokile.

Ambokile alikuwa fundi makochi. Banda lake la kazi lilikuwa uani kwake, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mke wake, Tumpale, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha chai. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Watoto walikuwa shule za bweni. Kwa hiyo mchana nyumba ile ilibaki na watu wawili tu: Ambokile bandani akigonga misumari, na mama yake mzazi, mjane, sebuleni na redio yake.

Saa ya chakula ikifika, Ambokile aliweka nyundo chini, akasugua gundi mikononi, akaingia ndani. Tumpale alikuwa ameshaacha kila kitu kwenye hotpoti: leo ndizi na maharage, kesho wali na samaki, na maziwa ya mgando pembeni. Ambokile alimpakulia mama yake. Alimtolea miiba ya samaki, maana macho ya mama hayakuona tena vitu vidogo. Aliziponda ndizi kwa mgongo wa kijiko, maana meno yalikuwa yamebaki machache na hayakutazamana. Kisha wakala. Mama alikula polepole, huku akisimulia habari za watu waliokufa zamani kana kwamba wamepita hapo asubuhi. Akiacha chakula, mwanawe alimfokea kidogo: "Mama, malizia hiyo." Naye alimalizia, akinung'unika. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Kilikuwa chakula cha mchana tu.

Sasa, kazi ya makochi ni ya kuinama na kukaa. Tumbo la Ambokile likaanza kumtangulia kila anakokwenda. Akajiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani kwao, wanaume na wanawake wa makamo. Asubuhi chache kwa wiki wanakimbia taratibu hadi uwanja wa mpira, wananyoosha viungo, wanarudi wakiimba. Ni jambo jema! Narudia, jambo jema, msije mkatoka hapa mkasema mchungaji anapinga mazoezi. Pumzi ikamrudia. Usingizi ukawa mtamu. Suruali za zamani zikaanza kufungika. Hapo angemshukuru Mungu akaendelea na kazi zake. Lakini sisi, mtu akishapata nafuu, anaanza kutafuta kitu kingine cha kuugua. Je, si ndivyo tulivyo?

Asubuhi moja akaja pale uwanjani jamaa mmoja mwenye kifua kipana, fulana imembana kama imeshonewa mwilini. Alikuwa na duka la vitu vya mazoezi kule stendi. Akamvuta Ambokile pembeni.

"Kaka, unajitahidi. Lakini protini unapata kiasi gani?"

Ambokile akasema hajui.

"Hujui? Basi unajimaliza. Kila ukikimbia, unaila misuli yako mwenyewe. Chakula cha nyumbani hakimtoshi mtu wa mazoezi."

Ona sasa. Mtu amefika uwanjani mzima, anaondoka mgonjwa. Na hakuumwa na mbu, hakunywa maji machafu. Ameambiwa tu.

Akanunua. Bei siitaji, humu ndani kuna watu wana presha. Akarudi nyumbani amekumbatia kopo kubwa jeusi lenye picha ya mwanamume asiye na shingo, akaliweka juu ya kabati la vyombo, mahali palipokuwa pa birika la wageni. Jioni Tumpale alipolikuta alidhani ni rangi ya mafuta.

"Ni unga wa protini," Ambokile akamweleza. "Kwa ajili ya misuli."

"Na maharage yamekosa nini?"

"Maharage ni chakula, Tumpale. Hivi ni virutubisho."

"Virutubisho ndiyo nini?"

Ambokile akafikiri. "Ni vile vitu vizuri vinavyokuwa ndani ya chakula."

Tumpale akamtazama, akaitazama sufuria ya maharage mkononi mwake, akalitazama kopo. Akafungua mdomo, akaufunga. Kinamama mnaijua hali hiyo, ya kuona hata ukisema itakuwa kazi bure. Akaenda kuosha vyombo, na vyombo siku ile vilipiga kelele kuliko kawaida.

Mnacheka. Chekeni tu, bado sijafika.

Maelekezo ya jamaa yule yalikuwa hivi: unga unanywewa mchana, badala ya mlo, ili tumbo lisirudi. Kwa hiyo saa ya chakula ilipofika Ambokile hakuingia ndani. Alimimina unga na maji kwenye chupa yake, akatikisa, akanywa akiwa amesimama bandani, mkono mmoja umeshika chupa na mwingine umeshika kipande cha sponji. Dakika si dakika, kazi inaendelea. Alijisifu kwamba hata muda ameokoa.

Mama yake akatokea mlangoni.

"Ambokile, chakula kinapoa. Njoo tule."

"Mama, mimi nimeshakunywa."

"Umekunywa? Unaumwa?"

"Siumwi. Najenga mwili."

Mama akasimama pale ameshika mwimo wa mlango. "Huo mwili nilikujengea mimi kwa maharage na maziwa ya mgando. Ulibomoka lini?"

"Mama! Wewe kula, chakula kiko mezani. Mambo haya ni ya kisasa."

Mama akarudi ndani. Kesho yake akamwita tena, na siku iliyofuata pia. Baadaye akaacha kumwita.

Ambokile aliendelea hivyo miezi kadhaa. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha kabati, akakunja mkono, akautazama. Mkono ulikuwa uleule. Akaukunja upande wa pili. Uleule. Alianza kukasirika. Alimkasirikia Tumpale kwamba pengine kwenye chai anaweka sukari ya siri. Alikasirikia usingizi, alikasirikia hali ya hewa. Akamrudia yule jamaa wa stendi kulalamika, na yule jamaa akamsikiliza kwa huruma sana, akamwambia, "Kaka, tatizo lako ni kwamba unakunywa kidogo." Akauziwa kopo jingine.

Hebu niambieni, wapendwa, mnisaidie kwa sababu mimi nachoka. Mtu anakula maharage usiku, asubuhi ana mayai na maziwa, karanga zimejaa nyumbani, anakimbia mwendo wa kuimba pambio. Huyu amepungukiwa na nini? Nani alimpima? Nani alimwambia, isipokuwa yule anayeuza?

Lakini twende mbele. Tumpale jioni alipofungua hotpoti alikuta haina kitu. Sahani ya mama imeoshwa, imefunikwa. "Mama umekula?" "Nimekula, mwanangu." Tumpale akaridhika, mtu ametoka kusimama kiwandani kutwa, ataanza kumhoji mkwe wake? Kama sauti ya mama ilikuwa nyembamba zaidi, ni uzee. Kama khanga ilihitaji kufungwa mara mbili pale kiunoni, ni uzee. Kama sasa alihitaji kushika meza kila anapotaka kusimama, ni uzee. Neno hilo uzee, tunalitumia kama mfuniko. Ukishalisema huna haja ya kuchungulia ndani.

Siku moja mchana Ambokile yuko bandani, kochi la mteja limepinduliwa miguu juu, akasikia kishindo jikoni. Hakikuwa kishindo kikubwa. Kilikuwa kama gunia tupu limeanguka kutoka kwenye kigoda. Akatupa nyundo, akakimbia. Mama yake alikuwa sakafuni kwenye mlango wa uani, sahani ya chakula imemwagika mbele yake, ndizi na maharage vimesambaa hadi nje, na kuku wa jirani wameshafika. Hawakuogopa. Walikuja kama wateja wa kila siku, wanene, wanang'aa manyoya, wakaanza kudonoa.

"Mama! Mama, umeumia wapi?"

"Sijaumia. Miguu imekataa tu."

Ambokile akapiga magoti, akapitisha mkono mmoja chini ya mgongo wa mama na mwingine chini ya magoti, akakaza meno, akajiandaa kubeba. Akanyanyuka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Alinyanyuka kirahisi mno. Alisimama wima na mama yake mikononi kana kwamba amebeba mto wa kochi. Na wapendwa, wazo la kwanza lililomjia yule mtu, kabla hajapata hata nafasi ya kulizuia, lilikuwa hili: Unga umefanya kazi. Nimekuwa na nguvu!

Alifurahi. Mama yake yuko mikononi, kichwa kimelala begani kwake, na yeye kwa muda wa pumzi moja alifurahi.

Kisha akatazama chini. Aliona mkono wa mama yake umelala kifuani, ngozi imelegea kwenye mfupa. Alimwona kuku akimeza ndizi iliyokuwa kwenye sahani. Na akaelewa kwamba yeye hakuwa ameongezeka hata kidogo. Ni mama aliyekuwa ameisha.

Alimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso wa mtu ambaye tangu asubuhi ameona mengi. Akampima mama, akamgeuza, akampiga picha ya nyonga, akamchukua damu. Mfupa haukuvunjika, tumshukuru Mungu. Kisha akamshika mama paja kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo.

"Misuli imekwisha," akasema. "Mama anakula nini?"

"Kila kitu, daktari," Ambokile akajibu haraka. "Maharage, samaki, maziwa. Mke wangu anapika vizuri sana."

"Sijauliza kinachopikwa. Nani anamwona akila?"

Tumpale, aliyekuwa amekuja mbio kutoka kiwandani na aproni yake bado kiunoni, akamgeukia mumewe. Ndipo mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye mkosaji.

"Usiwagombeze, daktari. Wananiwekea chakula kizuri. Ila siwezi kula peke yangu. Nikikaa mezani na sahani moja, koo linajifunga. Nikawa nawapa kuku, binti yangu akirudi asione kimebaki, asihuzunike."

Tumpale akajifunika uso kwa aproni.

"Mama huyu anahitaji protini kuliko mtu yeyote nyumbani kwenu," daktari akasema. "Mtu wa umri wake akikosa, kurudisha ni kazi."

Ambokile akaona mahali pa kusaidia. "Ipo, daktari! Nina unga wa protini nyumbani. Makopo mawili."

"Wa nani?"

"Wangu."

Daktari akavua miwani. "Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nafanya mazoezi. Jogingi, asubuhi."

Daktari akavuta pumzi ndefu. Nawaambia, ile pumzi naijua. Ndiyo ninayoivuta mimi nikitoka kwenye nyumba zenu.

"Baba," akasema, "mwanamichezo anayejifua kutwa nzima, tunakaa naye tunaangalia chakula chake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, namwelewa. Wewe unakimbia asubuhi, unarudi kwenye maharage, mayai, samaki na maziwa. Hayo yanakutosha. Unga si sumu, sikutishi. Lakini hukuwa na pengo la kuziba. Ulikwenda kuliweka lako mahali ambapo halikuwepo, na lililokuwepo kweli ukaliacha mezani peke yake."

"Basi nimpe yeye?"

"Kwa sasa mchanganyie kidogo kwenye uji, figo zake nimeziona ziko salama, na tutamfuatilia. Lakini usidhani umemaliza. Ndani ya kopo hakuna mtu wa kukaa naye."

Walipomrudisha nyumbani, Ambokile alifanya alivyoambiwa. Akakoroga uji, akatia unga wake, akamletea mama kikombe kitandani, akasimama akimtazama. Mama akaonja, akakunja uso.

"Una harufu ya plastiki."

"Mama, kunywa. Ni dawa."

"Nitakunywa. Wewe unakwenda wapi?"

"Bandani. Mteja anasubiri kochi."

Mama akakiweka kikombe chini. Hakukasirika, hakulia. Alikiweka tu, akageukia ukutani.

Na hapo ndipo Ambokile, mtu mzima mwenye mke na watoto, alivuta kigoda, akakaa, akamwambia Tumpale amletee na yeye sahani. Chochote kilichopo. Akala. Mama aliposikia kijiko kikigonga sahani akageuka, akamtazama akitafuna, halafu akanyoosha mkono kukitafuta kikombe chake. Alimaliza. Kisha akauliza kama samaki wamebaki.

Je, alirudi kuwa kama zamani? Ningependa kuwaambia ndiyo. Hapana. Alirudisha nyama kiasi, sauti ikarudi, hadithi za marehemu zikarudi. Lakini tangu siku ile anatembea kwa fimbo, na uani hafiki bila kushikwa mkono. Kuna vitu ukichelewa, unarudishiwa nusu, na unashukuru kwa hiyo nusu.

Sasa ninageuka kwetu sisi.

Mnadhani nazungumzia makopo? Nazungumzia makopo, ndiyo, aliye na sikio na ana kopo ambalo hakuandikiwa na daktari amenisikia. Kimbieni, tembeeni, kuleni maharage yenu kwa shukrani. Lakini sisi, watu wa ibada, tunalo kopo letu. Tunaacha sala ya jioni sebuleni na watoto, tunasafiri usiku kucha kwenda kununua mafuta yaliyoombewa. Tunaacha kuzungumza na ndugu tuliyekosana naye, ukuta kwa ukuta, tunafunga safari kutafuta maji ya chupa yenye nguvu za pekee. Nani alitupima akaona tumepungukiwa na upako? Hakuna. Aliyetuambia ndiye aliyekuwa akiuza. Na tukishanunua tunasimama mbele ya kioo, tunajikunja, tunajitazama: imani imeongezeka? Haijaongezeka. Tunaambiwa tulinunua kidogo.

Wakati huohuo nyumbani kuna mtu anaisha.

Ni mkeo? Ni baba yako anayesema "niko sawa" kwenye simu? Ni mtoto anayefunga mlango wa chumba chake mapema siku hizi? Chakula kipo, sikatai, umeweka mezani. Ada umelipa. Lakini nani anamwona akila? Nikuulize wewe, si jirani yako, acha kumgusa kwa kiwiko. Mara ya mwisho ulikaa lini? Kukaa, si kupita. Tunajipima nguvu kwa urahisi wa kuwabeba watu wetu, tunasema nyumba yangu hainisumbui, mama yangu hana makuu, mke wangu halalamiki. Wewe! Usifurahie wepesi huo kabla hujatazama chini uone umebeba nini.

Basi mimi leo sitatoa wito wa kuja mbele. Mbele mmekuja sana. Tukimaliza sala, msipange foleni mlangoni kunipa mkono, na kikao cha kamati nimekiahirisha, mwenyekiti anisamehe. Kila mtu atoke moja kwa moja aende nyumbani, avute kiti, akae na mtu wake mpaka sahani ziishe zote mbili.

Tusimame, tuombe. Kwa kifupi, maana huko nyumbani chakula kinapoa.